NYANGUMI ANATAMBULIWA KWA MKIA WAKE
(Somo la biolojia)

Mwezi uliopita kijana mmoja wa darasa la pili alitupatia swali kwenye kipande cha karatasi: "Nyangumi ni samaki ao sivyo? Na kama watu hawamkamati tena, wanajua habari zake namna gani?" Kwa macho ni swali moja, lakini ni mawili. La kwanza tutalijibu upesi. La pili lilitusomesha majuma matatu, na jibu lake likaturudisha mpaka kwetu, kwenye Ziwa Edouard.

Sisi wa Butembo na Beni tuko mbali na bahari, zaidi ya kilometa 1000. Wengi wetu tulimjua nyangumi kwa habari ya Yona tu, tukamchora na magamba na mkia wa tilapia. Mchoro ule ulikuwa na makosa. Nyangumi hana magamba. Anapumua hewa kwa mapafu kama sisi, anazaa, ananyonyesha. Tena mkia wake haukusimama kama wa samaki, bali umelala, unapiga maji juu na chini. Shikeni habari hii ya mkia, tutairudia.

Yule tunayesema habari zake leo ni nyangumi mwenye nundu, ambaye kwa Kifaransa tunamwita "baleine à bosse". Urefu wake ni metre 13 mpaka 16, na uzito wake unaweza kufika tani 30, ni kusema kama kamyo moja kubwa inayopanda kutoka Kasindi ikiwa imejaa. Wale wa upande wetu wa dunia wanakula huko kusini kabisa, kwenye maji ya barafu ya Antaktika. Chakula chao ni krili, vinyama vidogo vya maji visivyozidi urefu wa kidole. Kisha, wakati baridi inapozidi kule, wanapanda kuja kwenye maji ya moto ya Msumbiji, Madagascar, Tanzania na Kenya. Wanaonekana huko kuanzia mwezi wa 7 mpaka wa 10 hivi. Majike yanazaa huko, baada ya mimba ya karibu miezi 11. Mtoto anazaliwa na urefu wa metre 4 na zaidi. Mama anamnyonyesha maziwa yenye mafuta mengi sana, na miezi hiyo yote yeye mwenyewe karibu hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyoweka chini ya ngozi.

Sasa swali la pili. Zamani, tangu miaka ya 1920 na 1930, wataalamu walikuwa wakimpiga nyangumi na kijiti cha chuma chenye namba, kikaingia ndani ya nyama. Namba ile ilisomwa siku gani? Siku alipouawa na kukatwakatwa na wawindaji. Ni kusema, ili kujua mnyama alikwenda wapi, ilipasa kwanza afe! Na walikufa wengi. Katika karne ya 20 nyangumi wenye nundu zaidi ya 200 000 waliuawa katika bahari za kusini. Kuwinda nyangumi hawa upande wa kusini kulikatazwa mwaka wa 1963, lakini kuna waliowinda kwa siri hata baadaye.

Leo kazi inafanywa kwa njia nyingine. Tupande mashua kwa mawazo, asubuhi mapema, upande wa Zanzibar, kabla upepo haujaamka. Mtu mmoja anaendesha. Mwingine ana kamera yenye lensi ndefu. Mwingine ana daftari na penseli. Waliobaki wanatazama tu. Saa moja inapita, mbili, tatu, hakuna kitu. (Mwalimu wetu anasema hiyo ndiyo sehemu ya sayansi ambayo vitabu haviandiki.) Halafu mtu anapiga kelele: pale! Pumzi inapanda juu ya maji kama moshi. Mwendeshaji hakimbilii. Anapunguza moteri, anakwenda kwa ubavu, hamkatii mnyama njia. Kama kuna mama na mtoto, anabaki mbali zaidi. Mwenye daftari anaandika saa, mahali kwa chombo kinachosoma satelaiti, wako wangapi, mtoto yuko ao hayuko, wanafanya nini.

Nyangumi anapumua mara kadhaa, kisha anapinda mgongo, nundu inaonekana, na mkia unapanda juu mbele ya kuzama. Ni sekunde chache tu. Mwenye kamera anapaswa kuwa nyuma yake, maana anachotafuta ni upande wa chini wa mkia. Pale kuna weusi na weupe, makovu, pembe zilizokatika, pengine alama za meno ya nyangumi muuaji. Hakuna mikia miwili inayofanana. Ni sawasawa na alama ya kidole ambayo wazazi wetu wanatia wakati wa kuandikishwa kwa uchaguzi. Njia hii ilianza kutumiwa kwa nguvu miaka ya 1970, na haimuumizi mnyama hata kidogo.

Kuna kazi nyingine pia. Wengine wanateremsha maikrofoni ndani ya maji, kwa sababu madume wanaimba. Wamarekani wawili, Roger Payne na Scott McVay, waliandika mwaka wa 1971 ya kwamba sauti zile ni wimbo wa kweli, wenye sehemu zinazofuatana na kurudiwa. Wengine wanarusha mshale mdogo unaoleta kipande kidogo cha ngozi, ili kujua kama ni dume ao jike na wa ukoo gani. Lakini msingi ni ile picha ya mkia pamoja na mstari mmoja wa daftari.

Faida yake ni nini? Sikilizeni. Mwaka wa 2013 watu walipiga picha ya mkia wa dume mmoja pwani ya Kolombia, Amerika ya Kusini, upande wa Pasifiki. Mwaka wa 2017 akaonekana tena inchi ile ile. Hakuna ajabu. Halafu mwaka wa 2022 picha ya mkia ikapigwa katika mlango wa bahari wa Zanzibar. Kompyuta ikailinganisha na maelfu ya picha za dunia nzima katika mkusanyo unaoitwa Happywhale: kumbe ni yeye! Kati ya mahali pale pawili, kwa mstari mfupi kabisa, ni kilometa 13 046. Njia aliyoipita yeye ni ndefu zaidi. Ekaterina Kalashnikova na wenzake walitangaza habari hii mwezi wa 12 mwaka wa 2024. Je, alikuja kutafuta majike, kwa sababu madume walikuwa wengi kwao? Ao chakula kimehama, kwa vile hali ya hewa inabadilika? Wataalamu wanaleta mawazo hayo, lakini hawajakata neno. Sisi tulishangaa zaidi kwa jambo lingine: aliyepiga picha ya kwanza mwaka wa 2013 hakujua kabisa kama itakuwa na kazi. Aliandika siku na mahali, akaiweka.

Basi turudi kwetu. Wengi hawajui ya kwamba, kati ya wanyama wa inchi kavu, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko. Uchunguzi wa damu na chembe za urithi, hasa wa miaka ya 1990, ulionyesha hivyo. Babu yao mmoja aliishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Hata leo kiboko hutoa sauti chini ya maji, na mtoto wake anaweza kunyonya ndani ya maji. Na viboko nao wana hesabu yao ya huzuni. Katikati ya miaka ya 1970, Parki ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29 000. Mwaka wa 2005 walihesabiwa chini ya 900. Katika kila viboko 100, walibaki 3. Watu wenye bunduki waliwaua juu ya nyama na meno. Wavuvi nao wanalia ya kwamba samaki walipungua, maana kiboko anakula majani usiku inchi kavu na kuleta samadi ndani ya ziwa.

Mwenzetu mmoja wa darasa la nne ni mtoto wa wavuvi wa Kyavinyonge. Tulimwomba ahesabu viboko likizo ya Noeli. (Si mbali na kwao, huko Ishango, mwaka wa 1950 Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mistari iliyopangwa, wa miaka kama 20 000, wengi wanafikiri ni hesabu. Basi kuhesabu kwenye ziwa lile si jambo jipya.) Alisimama pwani pamoja na baba yake na dada yake mdogo. Asubuhi moja, mahali pamoja: yeye akapata 11, dada 14, baba 9. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Shida ni kwamba kiboko anazama dakika nyingi na kutokea pengine, na unamhesabu mara mbili.

Ndipo tukakumbuka mkia wa nyangumi. Mkia wa kiboko hauwezi kutusaidia, tena anayemkaribia kwa nyuma atapata samadi ya uso. Lakini masikio yanabaki juu ya maji, na masikio yana mapengo na makovu ya kupigana. Baba yake alipoulizwa, alicheka: "Ule mwenye sikio lenye kupasuka, namujua mbele wewe uzaliwe!" Baba alikuwa na mkusanyo wote kichwani, ila haukuandikwa mahali popote.

Sasa uko katika daftari letu, na sanduku la swali liko wazi kwa wengine wa kando ya ziwa. Muandike siku, saa, mahali, sikio la kuume ao la kushoto. Mkae pwani na watu wazima, maana kiboko anaua. Mpaka leo tuna vichwa sita vilivyochorwa kwa penseli. Namba 4 ilichorwa kwa upande wa kuume, namba 6 kwa wa kushoto, na mwenzetu anaogopa ya kuwa ni mnyama mmoja. Atatazama tena likizo ya Pasaka.