Kitimoto cha nyumbani, mpaka kiporo

Ukinunua kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, Handeni au Korogwe, tafuta kwanza mhuri wa mkaguzi wa nyama. Ukiona vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele ndani ya nyama, hayo ni mabuu ya tegu, usinunue.

Chemsha vipande kwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka vilainike na wekundu uishe ndani. Maji yakikauka usiongeze mafuta. Nyama itajikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Malizia kwa kitunguu na hoho, ule na ugali moto.

Kiporo kwangu ni kitamu zaidi. Kikatekate, ukiunge na kunde au mchicha. Ila kwa joto letu nyama isikae nje zaidi ya saa 2. Ikiwa kwenye friji, iliwe ndani ya siku 3, na ipashwe mpaka ichemke.

Kama mnachangia jiko na Waislamu, tenga sufuria na kisu vya kitimoto.

Na tafadhali, makombo usiwape nguruwe. Virusi vya homa ya nguruwe hubaki ndani ya nyama. Havimdhuru binadamu, lakini huweza kumaliza banda zima, na ugonjwa huo hauna tiba.