Akiba na Ujuzi: Funzo katika Habari za Nabii Yusuf a.s.

Ndugu walioingia katika Islam karibuni huuliza mara nyingi: Je, awekaye akiba ya chakula kwa kuhofu njaa hajapungukiwa na imani kwa Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku? La, hasha. Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe aliwawekea jamaa zake chakula cha mwaka, kama ilivyo katika Bukhari. Kuwekea jamaa si kuhodhi mali ili bei ipande, jambo alilolikataza. Lakini swali halikomi hapo, maana iko akiba inayomwangusha mwenyewe.

Ndugu msomaji, fungua Kurani Tukufu, Sura Yusuf (12:48-50). Nabii Yusuf a.s. hakuishia kutabiri njaa. Aliwaagiza watu wa Misri walime kwa bidii miaka 7 mfululizo, na watakachovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Basi kulima kumetangulia ghala. Hata katika miaka 7 ya shida palikuwa na sehemu ndogo isiyoliwa, nayo wafasiri wameieleza kuwa ni mbegu. Na alipoomba kuwekwa juu ya hazina za nchi alitaja sifa mbili: kwamba yeye ni mlinzi, tena ni mjuzi.

Kwa nini ujuzi? Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu atokaye Amerika ya Kati aliingia Tanzania, akajulikana kwanza upande wa Tabora. Wakulima walimwita dumuzi, na wengine Scania. Mdudu huyu huyashambulia sana mahindi yaliyo bado katika magunzi, wala makopa ya muhogo hayasalimiki. Waliotundika mahindi kama walivyofanya babu zao waliona akiba yao ikigeuka vumbi kwa miezi michache. Ikawalazimu kujifunza upya: kuyapukuchua, kuyakausha barabara, kuyachanganya na dawa ya unga iliyofaa, na kusafisha ghala kabla ya kuweka mavuno mapya. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuacha nafaka masukeni ni amri kwa kila zao. Hiyo ilikuwa nafaka ya Misri na hali ya hewa ya Misri.

Wapo pia wanaotegemea ujuzi pekee, na njaa ikiwakuta mikono mitupu hula mbegu kabla ya mvua. Abu Daud amepokea habari ya Ansari mmoja aliyekuja kuomba. Mtume s.a.w. aliviuza vitu vyake viwili, guo la kutandika na bakuli, kwa dirham 2. Alimwagiza anunue chakula cha jamaa zake kwa dirham moja, na kwa ya pili shoka, ambalo Mtume s.a.w. alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu. Yule mtu akaenda kukata kuni, na baada ya siku 15 alikuwa amepata dirham 10. Bila dirham ya kwanza watoto wangelala na njaa siku ile ile. Bila ya pili angerudi kuomba.

Tazama basi nyumbani kwako. Gunia liko pembeni. Je, ni nani katika watoto wako ajuaye kuchagua mbegu, kupanda muhogo na kukausha makopa?