Kuhudhuria si Kushauriwa

Ndugu msomaji, wako wengi katika miji yetu ya pwani wadhanio kwamba mtu akiitwa mkutanoni, akasikiliza, akatia jina lake katika orodha ya waliohudhuria, basi amekwisha shauriwa. Dhana hii ni batili, na madhara yake ni makubwa. Kwani orodha ile huenda ikatolewa kesho kuwa ndiyo hoja ya kwamba wenyeji wameridhia.

Kushauriwa ni mambo manne: kuelezwa jambo kwa ukamilifu wake, kupewa muda wa kulifikiri, kusema ulionalo, na maneno yako kuzingatiwa kabla ya uamuzi kukatwa. Likikosekana moja, hapana ushauri.

Tutazame yaliyopita Lamu. Ilikusudiwa kujengwa huko Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wenye nguvu ya megawati 1,050. Walioutaka walitaja umeme na kazi kwa vijana. Waliouogopa waliuliza juu ya moshi, majivu, na maji ya moto yatakayomwagwa baharini, mahali ambapo wavuvi wapata riziki yao. Mwezi wa Septemba 2016 Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, yaani NEMA, ilitoa leseni. Jumuiya ya Save Lamu na wenyeji wengine wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la taifa lihukumulo mashauri ya mazingira likaibatilisha leseni ile.

Kwa sababu gani? Si kwa kuwa mikutano haikufanywa, ilifanywa. Lakini ilifanywa kabla ya uchunguzi wa madhara kukamilika, na ripoti ilipokuwa tayari, watu hawakurejewa wakaelezwa yaliyomo kama ipasavyo. Na mtu atatoaje rai juu ya madhara asiyoambiwa? Hiyo ilikuwa sababu moja kubwa ya hukumu.

Wala haki hii si hisani ya mkubwa yeyote. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Cha 69 chaipasa serikali iwahimize raia washiriki katika kuyahifadhi. Na cha 70 chamfungulia mtu mlango wa mahakama, hata kama hajapatwa na hasara yeye mwenyewe.

Basi likitujia jambo kama hili, iwe ni kiwanda, jaa la taka au machimbo, yatupasa haya:

Kwanza, tuitake ripoti ya uchunguzi kabla ya mkutano. Kifungu cha 35 chawapa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Pili, tuchague miongoni mwetu wenye elimu wawasomee watu kwa Kiswahili yaliyomo, na katika baraza hilo wasiachwe wavuvi wala wanawake, kwani wao ndio waijuao bahari na maji ya nyumbani.

Tatu, tuandike rai zetu, tuzipeleke, tubaki na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe. Neno la mdomo husahauliwa. La karatasi hudumu.

Nne, atiaye sahihi na asome kwanza juu ya karatasi pameandikwa nini. Akiona shaka, aandike kando ya jina lake: "Nimehudhuria, sikuridhia."

Tano, tusilale. Rufaa ya kupinga leseni kwa baraza lile yatakiwa ndani ya siku 60. Zikipita, mwenye haki huenda akarudishwa mlangoni.

Ndugu zetu, kunung'unika barazani baada ya alasiri hakujapata kuzuia moshi. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu ndiye atakayevua katika bahari tutakayomwachia. Mkiitwa, nendeni, mkifika, ulizeni, na msipoelezwa, msikubali kuhesabiwa kuwa mmeshauriwa.