Kabla ya Vinaili, Plaiwudi

Aliyekulia kwenye nyumba ya zege huijua sakafu kuwa kitu kisichotikisika. Akihamia nyumba ya mbao ya Marekani au Kanada, hukuta sakafu inalia kila anapokanyaga. Chini ya zulia pana mbao zilizopigiliwa juu ya maboriti, nazo huvimba na kusinyaa kwa unyevu. Ukitandika vinaili, yaani sakafu ya plastiki, moja kwa moja juu ya mbao hizo, baada ya muda kila ufa na kila kichwa cha msumari kitajichora juu. Dawa yake ni tabaka la plaiwudi nyembamba.

Anza na kelele. Ng'oa zulia, tembea chumba kizima taratibu, na kila panapolia tia alama ya chaki. Hapo ubao umeachana na boriti. Ukaze kwa skrubu ndefu mpaka unyamaze, kwa sababu ukishafunika hupati tena nafasi hiyo. Palipooza, tafuta kwanza maji yanatoka wapi, ndipo ukate na kuweka ubao mpya. Kisha laza rula ndefu: panapoinuka piga msasa, panapobonyea jaza.

Hapa nakusihi uwe mwangalifu. Katika nyumba iliyojengwa kabla ya miaka ya 1980, ukikuta vigae vya zamani vya vinaili, hasa vya inchi 9 kwa 9, usivipige msasa wala kuvibandua mpaka vipimwe. Huenda vina asbesto, na vumbi lake huleta saratani.

Nunua plaiwudi iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii, unene wa robo inchi, yaani kama milimita 6. Ile ya bei rahisi huwa na mapengo ndani ya tabaka zake, na mguu wa kiti unaweza kutoboa hapo. Kwa vigae vya kauri unene huo hautoshi. Yaache mashiti ya plaiwudi ndani ya chumba siku mbili au tatu yazoee hewa.

Yapange kama matofali ya ukuta, pembe nne zisikutane mahali pamoja, wala maungio yasiangukie juu ya maungio ya mbao za chini. Kati ya shiti na shiti acha nafasi ya unene wa kadi ya benki; ukutani, robo inchi. Piga skrubu kila inchi 3 au 4 pembezoni, kila inchi 6 katikati. Ziishie kwenye ubao wa chini zisifike kwenye boriti, maana boriti ikisinyaa, kichwa cha skrubu hubaki kimechomoza. Zamisha vichwa kidogo, jaza maungio, piga msasa, fagia, halafu pitisha kiganja kila mahali. Kiganja hugundua kile ambacho jicho limekipita.

Sakafu sasa imepanda. Kabla hujafungua boksi la vinaili, weka kipande chake mlangoni uone kama mlango unapita juu yake. Usipopita, utoe kwenye bawaba uukate chini leo.