Vitufe Maalumu vya Jiko la Indaksheni: Somo kwa Mpishi wa Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi, ilhali Dar es Salaam huchemka kwa nyuzi 100. Ndiyo maana maharage ya Ufipa huchelewa kuiva. Mpishi analijua hilo kwa uzoefu. Jiko la umeme la indaksheni halilijui, kwa kuwa vipimo vya vitufe vyake vilipangwa kiwandani. Tunaeleza hapa vitufe vitatu ambavyo mtumiaji hana budi kuvielewa.

Kitufe cha nguvu ya juu. Hiki ni cha kuharakisha chakula kifikie kuchemka. Maji yakishachemka, kuongeza nguvu hakuyaongezei joto. Huyakausha tu na kumaliza uniti. Chungu cha maharage kikiachwa kwenye wati 2,000 kwa saa mbili hutumia uniti 4. Tumia wati 2,000 kwa robo saa, wati 800 kwa nusu saa, kisha wati 400 kwa muda uliobaki, chungu kikiwa kimefunikwa: utatumia uniti 1.4 hivi.

Kitufe cha mapishi yaliyopangwa. Jiko hujizima muda uliopangwa ukiisha, hata kama chakula hakijaiva. Kwa maharage, hasa mekundu, hili ni jambo la usalama. Maharage mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine, yatokote kwa nguvu kwa angalau nusu saa, kisha yaendelee kuchemka hadi yabonyee kwa urahisi kati ya vidole viwili. Usiamini mlio wa jiko pekee. Sufuria ya presha inayofaa jiko hili husaidia sana, kwa sababu maji yaliyomo huchemka kwa joto la juu zaidi.

Kitufe cha kutunza joto. Hiki ni cha chakula kilichokwisha kuiva, nacho kibaki na joto linalozidi nyuzi 60. Usikitumie kuivishia maharage usiku kucha: joto dogo haliondoi sumu hiyo.

Matumizi ya vitufe hivi hugusa pia mfuko. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hulipiwa shilingi 350. Uniti 75 ni sawa na 2.5 kwa siku, pamoja na taa na pasi. Chungu kimoja kilichosahauliwa kwenye nguvu ya juu huvuka kiwango hicho cha siku.

Kabla ya kununua, nenda dukani na sumaku. Isiponasa kwenye kitako cha sufuria, kama ilivyo kwa sufuria za kawaida za alumini, jiko halitaipasha moto. Omba jiko liwashwe, jaribu kila kitufe, dai maelezo ya matumizi kwa lugha unayoielewa, na utunze risiti pamoja na hati ya dhamana.