Kikohozi Kisiwe Siri Ndani ya Ndoa



Wengi wa wakazi wa Mukuru kwa Njenga wanapika, wanalala na kulea watoto katika chumba kimoja cha mabati, futi 10 kwa 10. Mume akikohoa usiku wa manane, mke anasikia, na mtoto anayelala sakafuni anasikia pia. Hata hivyo, ziko nyumba ambamo mtu hukohoa mwezi mzima na hakuna anayelitaja jambo hilo. Kwa nini?

Mume anaogopa. Kila asubuhi anatembea hadi Industrial Area kutafuta kibarua, naye anajua kwamba anayeonekana mgonjwa haitwi langoni. Basi ananunua dawa ya kikohozi dukani na kusema ni vumbi la kiwandani. Mke naye anaogopa. Amesikia majirani wakisema kwamba TB ni Ukimwi, na akiuliza, swali lake litachukuliwa kuwa shtaka la uzinzi. Hivyo mmoja anaficha na mwingine ananyamaza, huku wao na watoto wao wakivuta hewa ile ile.

UGONJWA HUU HUENEAJE?

Kifua kikuu, ambacho wengi tunakiita TB, huletwa na bakteria. Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amewagundua tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kupambana na kifua kikuu. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Katika chumba kisichopitisha hewa vinaweza kukaa kwa saa kadhaa. Mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu kati ya 5 na 15 kwa mwaka, na wa kwanza ni wale anaolala nao chumba kimoja.

Si kila anayeambukizwa huugua. Kwa wengi, mwili huvidhibiti vijidudu hivyo. Lakini watoto wadogo, watu wasiopata chakula cha kutosha na wenye virusi vya Ukimwi wamo katika hatari kubwa zaidi.

Dalili zake ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho jingi usiku, kukonda, kukosa hamu ya chakula, na pengine damu katika makohozi. Mtoto huenda asikohoe sana, bali akaacha kuongezeka uzito.

Sasa shikeni jambo hili: TB haiambukizwi kwa kikombe, sahani, shuka wala kusalimiana kwa mkono. Mke anayemtengea mumewe kikombe cha peke yake hajamkinga mtoto. Amemwumiza mumewe tu. Dirisha lililo wazi lina faida kuliko kikombe hicho.

JE, TB NI UKIMWI?

Hapana. Mtu asiye na virusi vya Ukimwi anaweza kuugua TB, na wengi wa wagonjwa wake hawana virusi hivyo. Ni kweli kwamba virusi hivyo hudhoofisha kinga ya mwili na kuipa TB nafasi. Ndiyo maana kliniki hupima yote mawili. Nendeni pamoja, lakini msikifanye kikohozi kuwa ushahidi wa uzinzi.

Wala TB si adhabu ya Mungu. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Lisieux, Ufaransa, alifariki kwa ugonjwa huu tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na umri wa miaka 24. Wakati wake hapakuwa na dawa. Sisi tunazo.

MIEZI SITA YA UVUMILIVU

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba TB imewashika wanaume zaidi ya wanawake, tena kwa zaidi ya mara mbili. Akina baba, msiseme kwamba kwenda kliniki ni kazi ya akina mama. Makohozi hupimwa, na tiba ya TB hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

Kwa kawaida mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Zamani matibabu yaliendelea mwaka mmoja na zaidi. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970, wakishiriki wagonjwa wa Afrika Mashariki, yalisaidia kuonyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha.

Mtego uko hapa. Baada ya wiki chache, kikohozi hupungua, uzito hurudi, na mume anasema, "Nimepona, nirudi kazini, dawa ziishe." Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na kuvitibu ni kazi ngumu zaidi. Wengine huacha kwa sababu mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa. Msiogope, hiyo ni rangi ya dawa iitwayo rifampisini. Lakini macho yakigeuka manjano, rudini kliniki mara moja. Pombe nayo iachwe, kwa maana pamoja na dawa hizi inaweza kuharibu ini.

Hapa ndipo ndoa inapopimwa. Mke asiwe askari wa kumhesabia mumewe vidonge kwa ukali, bali wapange saa moja ya kumeza, kwa mfano kabla ya sala ya asubuhi, naye awe karibu. Na ikiwa mgonjwa ni mke? Wako waume wanaompeleka mashambani kwa wazazi wake "apumzike." Huko matibabu hukatika, na bibi mzee na wajukuu wakaambukizwa. Mume mwema atabaki naye, ateke maji, apike, ampeleke kliniki. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha huku amefunika mdomo na pua, na wahudumu wamwelekeze juu ya kumkinga mtoto.

MFANYE NINI NYUMBANI?

1. Fungueni mlango na dirisha mchana. Chumba kikiwa hakina dirisha, zungumzeni na mwenye nyumba, ikiwezekana pamoja na majirani wa ploti.
2. Mgonjwa afunike mdomo akikohoa. Wiki za kwanza za dawa, alale karibu na mahali hewa inapoingia, na watoto wasilale naye kitanda kimoja. Dawa zikimezwa vizuri, hatari ya kuambukiza hupungua upesi.
3. Wote mnaoishi chumbani mpimwe. Wasio wagonjwa, hasa watoto, wanaweza kupewa dawa za kinga.
4. Mtoto apate chanjo ya BCG anapozaliwa. Humkinga na aina kali za TB utotoni.

Siku ya arusi mliahidiana uaminifu wakati wa afya na wakati wa ugonjwa. Basi jioni hii, watoto wakiisha kulala, anayekohoa aseme, na anayesikia asilaumu. Semeni tu, "Kesho twende wote."

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA NDOGO

1. Ni hofu gani inayotuzuia kumwambia mwenzi wetu kwamba tunaumwa?
2. Katika jumuiya yetu, ni nani anayemeza dawa peke yake? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?