JE, MTOTO ASOME VITABU VYA SKULI WAKATI WA LIKIZO?

Kila skuli zinapofungwa suali hili hurudi katika mabaraza ya Likoni, Kisauni na Changamwe, na wazazi hugawanyika. Wako wasemao mtoto amechoka, aachwe acheze. Na wako wasemao mtoto akiachwa atasahau yote aliyoyasoma, na huko nje atafunzwa yasiyofaa kufunzwa. Sisi twaona kila upande una sehemu ya haki, na kwamba ugomvi umekuwa mrefu kwa kuwa mambo yaliyo mbalimbali yamechanganywa na kuitwa jina moja.

Tuanze na tuisheni ya kulipia, ile ambayo watoto huitwa warudi darasani siku za mapumziko. Hiyo imekwisha kukatwa na sheria. Waziri wa Elimu, Mutula Kilonzo, aliipiga marufuku mwaka 2012, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, ikakataza mwanafunzi kutiwa katika masomo ya likizo. Adhabu ya mwenye kuivunja ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Juu ya hayo, wako wazazi ambao wangali wakiitafuta, na wengine huona fahari kuilipia.

Ubaya wake hauko katika uchovu wa mtoto peke yake. Tangu mwaka 2003 Serikali imeondoa ada katika skuli za msingi, na tuisheni huirudisha ada hiyo kwa mlango wa uani. Mwalimu ajuaye kwamba atakuwa na wanafunzi wake mwezi wa Agosti hana haraka mwezi wa Julai. Sehemu ya somo huiweka akiba. Basi mtoto wa kibarua wa bandarini, ambaye babake hakuwa na cha kulipa, hurudi muhula wa tatu akakuta wenziwe wamekwisha kupita pale alipowaacha. Hakufanya uvivu wala hakukosa akili. Amenyimwa haki yake na watu wazima waliokubaliana juu ya kichwa chake. Hii ni dhulma, nasi hatuoni jina jingine linaloifaa.

Ama hofu ya kusahau, hiyo ina asili. Huko Marekani, mwaka 1996, mtaalamu Harris Cooper na wenzake walizikusanya tafiti 39 juu ya likizo ndefu ya kiangazi. Wakaona kwamba kwa wastani mtoto hurudi nyuma kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na zaidi katika hesabu. Na katika kusoma, watoto wa masikini ndio waliorudi nyuma, hali wenzao wa nyumba zenye nafasi hawakupungukiwa. Lakini asiyepima hukosea. Likizo yao ni ya juma kumi au zaidi. Zetu za Aprili na Agosti ni za takriban juma tatu tu. Ni ile ya mwisho wa mwaka pekee ndiyo iliyo karibu na yao. Vipi basi tuzihukumu zote hukumu moja?

Rai yetu ni kwamba mtoto wa madarasa ya chini aachwe apumzike Aprili na Agosti, ila asikose kitabu cha kusoma kwa hiari yake. Likizo ya Desemba awe na kazi kidogo: kurasa chache za kusoma na hesabu chache, nusu saa au saa moja, asubuhi mapema kabla ya joto la kaskazi halijashika bati za nyumba. Na mzazi akae naye. Hatusemi amnunulie kitabu kinene cha marudio ambacho mtoto atakinakili majibu usiku wa kuamkia kufungua skuli. Wala hatuwasifu akina mama ambao, tangu mtaala wa umilisi kuanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, hukata makaratasi na kubandika wao wenyewe hata usiku wa manane, kisha mtoto akapewa alama za mamake!

Wanavyuoni wetu hawakulighafilika jambo hili. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Mas'ud alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi, na alipoombwa awawaidhi kila siku alikataa, kwa kuchelea kuwachosha, kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiwachagulia wao siku. Na Imam Ghazali, katika Ihyaa, ameeleza kwamba mtoto aachiwe mchezo mwema baada ya chuo, kwani kumlemeza masomo daima huufisha moyo wake na kuiharibu akili yake.

Kuna jambo ambalo wazazi hulisema kwa sauti ya chini. Wengi wa wanaolipia tuisheni hapa Kisauni na Likoni hawanunui elimu, wanunua mlinzi. Wamewaona vijana wadogo wakivutwa katika magenge ya mapanga, nao wako kazini tangu alfajiri. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake si hesabu. Mtoto amfuate babake kazini au baharini. Ende na mamake soko la Kongowea, apige bei na kuhesabu chenji. Arushe tiara na kucheza mpira mahali ambapo mtu mzima wa mtaa anamwona. Kumwangalia mtoto wa jirani ilikuwa ada yetu, wala haikulipiwa.

Na tusiwaseme wa skuli tukajisamehe wenyewe. Ziko madrasa ambazo skuli zikifungwa huongeza saa zao tangu asubuhi hata alasiri, na fimbo juu yake. Mtoto huyo amepata likizo gani? Vyuo vya zamani vya pwani vilikuwa na mapumziko yao ya Alhamisi na Ijumaa, na vilitoa mahafidhi.

Limebaki la mtahiniwa wa kidato cha nne, ambaye Agosti ndiyo likizo yake ya mwisho kabla ya mtihani. Huyu hana budi kusoma, na nyumba nyingi za bara yetu hazina chumba cha utulivu. Vyuo vyetu vina mikeka, taa na feni, na baada ya isha huwa vitupu. Vifunguliwe kwa wote, wavulana siku zao na wasichana zao, na waalimu wa skuli walio katika jamaa zetu wapokezane kukaa nao saa moja, bila ya malipo na bila ya kumlazimisha mtu.